Wimbo Nao ni Akiba

(Hotuba ya mwanachama mwanzilishi, iliyosomwa siku ya kilele cha sherehe za miaka 10 ya kikundi chetu, Bariadi)



Kwanza kabisa napenda kuishukuru kamati ya maandalizi kwa kunipa nafasi hii. Waliniambia nizungumze juu ya faida za kuweka akiba. Nimewajibu kuwa faida za akiba zimo kwenye taarifa ya mweka hazina, mtaisikia baada ya chakula, na kila mtu anajua mwenyewe kama amejenga nyumba ya bati au bado. Mimi nimeomba nizungumze juu ya jambo ambalo halimo kwenye daftari lolote, nalo ni nyimbo zetu, na mama yule aliyetutungia.

Mama mwenyewe yupo. Amekaa pale nyuma, karibu na masufuria, kama kawaida yake. Ameniomba nisimtaje jina, na mimi namheshimu. Nitamwita Mayu tu, na wote mnamjua.

Ndugu wanachama, Mayu hakusoma. Enzi za utoto wake alichunga ng'ombe wa baba yake, na baadaye akaolewa. Hakuna mtu aliyemkalisha darasani akamwambia hivi ndivyo wimbo unavyotungwa. Alijifunza shambani kwenye palizi ya pamba, nyuma ya watu wazima waliokuwa wakilima kwa ngoma, na usiku kwenye wigashe, vijana wameketi kwa safu wakijibizana. Alisikiliza, akashika, halafu akaanza kutunga vya kwake. Kisha akatuletea sisi kwenye kikundi.

Sisi Wasukuma jambo hili si geni kwetu. Kila mtu hapa anawajua Bagika na Bagalu. Vyama hivyo viwili vya ngoma vilianzishwa na watu wawili waliokuwa mafundi wa ngoma na wa dawa, Ngika na Gumha, wakashindana, na mpaka leo baada ya mavuno watu wanashindana. Mshindi anajulikanaje? Anajulikana kwa watu. Ngoma mbili zinapigwa kwa wakati mmoja, na wewe mtazamaji unakwenda kule roho inakokuvuta. Kwa hiyo ningi, yaani kiongozi wa ngoma, hawezi kuwa na sauti tu. Lazima awe na akili ya kuwasoma watu, na lazima awe na neno la kuwaambia. Akiimba upuuzi, watu wanahamia kwa mwenzake. Na katika bugobogobo, ngoma yetu ya jembe, majembe hufuata mdundo na watu wanalima eneo kubwa bila kusikia uchovu. Babu zetu walijua kuwa wimbo ni kazi. Tusidhani ni mambo ya kupoteza muda.

Lakini leo nataka niwapeleke mbali kidogo, mpaka Unguja. Nataka niwaeleze habari za mwanamke mmoja ambaye kila nikimtazama Mayu namkumbuka yeye.

Mwanamke huyo ni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, kijiji cha Unguja, yapata mwaka 1880. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Mtumwa. Sikilizeni jina hilo, maana linaeleza hali ya watu wake katika nchi ile wakati ule. Wazee wake asili yao ilikuwa bara. Upande wa baba ni Unyamwezi, kule Tabora, na upande wa mama ni Uzigua, mkoa wa Tanga. Kwa hiyo, ndugu zangu, huyu si mgeni kwetu. Mnyamwezi ni ndugu yetu wa damu, na lugha zetu zinasikilizana. Binti wa ndugu zetu ndiye aliyekuja kuitikisa pwani yote.

Kwao walikuwa wafinyanzi. Mama alifinyanga vyungu na Siti akavitembeza kuviuza, kichwani, kwa miguu. Alikuwa na sauti, na akawa anaimba ili watu wajue kuwa vyungu vimefika. Yaani alianza na biashara ndogondogo, sawa na sisi na michembe yetu na nyanya zetu sokoni. Hakwenda shule wala chuoni. Hakujua kusoma, hakujua kuandika. Mwaka 1911 akahamia mjini kutafuta maisha.

Huko mjini akakutana na mpiga muziki aliyeitwa Muhsin Ali, akamfundisha uimbaji wa taarabu. Hapa niseme ukweli: Siti alipata mwalimu, hakuokota kila kitu mwenyewe. Ila hebu fikirini, mtu asiyejua herufi hata moja anajifunza nyimbo ndefu, nyingine za Kiarabu, kwa kusikia tu na kukariri. Daftari lake lilikuwa kichwani. Na taarabu wakati ule ilikuwa ya jumba la mfalme, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti akaileta kwenye Kiswahili, lugha ya watu wa kawaida, na akaiimba Ng'ambo, mtaa wa wanyonge. Jina la Mtumwa likaisha, wakamwita Siti, maana yake bibi wa heshima.

Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay, India, wakarekodi santuri. Binti wa mfinyanzi wa Fumba akawa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi sauti yake namna hiyo. Santuri zilipofika huku zikasikika pwani yote na bara pia.

Watu walimkejeli, eti hana uzuri, hana nasaba. Majibu yake aliyatia kwenye wimbo.

Sasa jambo lenyewe nililotaka mlisikie ni hili. Siti hakuimba mapenzi peke yake. Aliimba kesi za mahakamani, na dhuluma waliyofanyiwa wasio na mtetezi. Upo wimbo wake unaojulikana kwa jina la Kijiti. Ulitokana na tukio la kweli. Mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam aliuawa na mwanamume, muuaji akatoroka Unguja, na waliotiwa ndani ni wanawake waliokuwa wamefuatana na marehemu, kwa kosa la mambo ya pombe. Mwenye hatia yuko huru, na mashahidi wako jela. Nani angeandika habari hiyo kwa lugha ambayo mwanamke wa Ng'ambo angeielewa? Siti aliiimba, na ikabaki. Alikuwa gazeti la watu wasiosoma magazeti.

Ndiyo maana waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipounda chama chao cha TAMWA mwaka 1987, na kisha kutoa jarida la kutetea haki za wanawake, waliliita Sauti ya Siti. Walijua wanatumia jina la nani.

Ndugu wanachama, sasa turudi nyumbani.

Mnakumbuka tulivyoanza. Tulikuwa wachache, tumekaa chini ya mti kwenye mikeka yetu, kisanduku kina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Wengi wetu hatukujua kusoma vizuri. Katibu aliandika, sisi tulimwangalia tu mkono. Katika mafunzo tulifundishwa kuwa kabla ya kufunga kisanduku lazima fedha zilizobaki zitajwe kwa sauti na kila mtu akariri, ili mkutano ujao tuulizane kabla ya kufungua. Wiki za kwanza tulikuwa tunasahau. Mmoja anasema elfu arobaini na mbili, mwingine arobaini na nne, tunabishana mpaka jua linazama.

Mayu ndiye aliyetuokoa. Siku moja alisema, "Mbona wimbo wa arusi hamuusahau?" Akatukalisha kwa safu kama wigashe, akaanza kuongoza na sisi tukaitikia. Namba moja akaimba hisa zake, namba mbili zake, namba tatu zake, mpaka mwisho, na fedha ya kisanduku ndiyo kiitikio. Tulicheka sana siku ile. Wiki iliyofuata tulipofungua kisanduku hakuna aliyebisha.

Mwaka wa pili, wakati wa masika, mnajua kilichotokea. Paa la nyumba lilivuja usiku, daftari likalowa, kurasa zikagandana na wino ukatiririka. Katibu alikuja mkutanoni analia. Maneno yakaanza: kalilowesha makusudi, kuna wanachoficha. Akina baba wawili watatu walishakuja kuwachukua wake zao watoke. Nawaambieni kweli, kikundi hiki kilikuwa kinakufa saa ile ile.

Mayu akasimama, akaanzisha wimbo. Namba moja akaitikia hisa zake. Namba mbili akaitikia. Aliyeimba pungufu au zaidi wenzake walimrudisha, kwa sababu kila mtu alikuwa anazijua za jirani yake. Tulipomaliza tukafungua kisanduku, tukahesabu fedha mara mbili mbele ya akina baba wale wale. Zikalingana. Daftari jipya liliandikwa kutoka kwenye wimbo, na ndilo tunaloendelea nalo.

Ndugu Mgeni Rasmi, leo tuna simu, na wasichana wetu wanapiga hesabu za riba kwa kidole. Ni vizuri. Lakini msingi wa kikundi hiki uliwekwa na mama asiyejua kuandika jina lake.

Hilo ni la kwanza. La pili ni gumu kwangu kulisema, lakini nimeamua nitalisema leo, kwa sababu kitabu cha kumbukumbu chenye sifa tupu hakimsaidii mtu.

Kulikuwa na mwanachama mwenzetu kijana, mwenye watoto wadogo watatu. Alichukua mkopo akanunua dengu ili auze baadaye. Mambo yakaharibika. Msimu ule malipo ya pamba yalichelewa, mume akachukua fedha za dengu akaondoka nazo. Marejesho yakakwama mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mimi wakati huo nilikuwa kwenye uongozi. Sikumfuata nyumbani kumwuliza. Nilimsimamisha mbele ya mkutano, nikamtaja jina, nikamwita mwizi wa jasho la wenzake. Na siku ya gulio nilirudia maneno hayo sokoni, watu wanasikia.

Hakuja tena. Hisa zake zilikata deni, kilichobaki akatumiwa, na akahama na watoto wake kwenda kwa kaka yake.

Mkutano uliofuata Mayu alileta wimbo mpya. Ulikuwa habari ya mwanamke mmoja aliyeazima jirani yake kibuyu. Kibuyu kikapasuka kisimani. Mwenye kibuyu akaenda kutangaza sokoni kuwa jirani ni mharibifu. Kiangazi kikaja, mwenye kibuyu akaugua, akalala ndani na kiu siku mbili, hakuna wa kumtekea maji, maana watu wote walikuwa wanaogopa kugusa vyombo vyake.

Watu waliitikia vizuri. Mimi pia niliitikia. Ubeti wa pili nikaona wenzangu wanatazama chini. Ubeti wa tatu sauti yangu ikakatika. Kumbe mwenye kibuyu ni mimi.

Nilikasirika, jamani. Niliondoka bila kuaga. Nilikaa wiki mbili nikijiambia kuwa Mayu amenidhalilisha. Ndipo mume wangu, yule pale anacheka, akaniuliza: "Amekutaja jina?" Nikasema hapana. "Amekwambia sokoni?" Nikasema hapana. "Sasa wewe ulimfanyaje mwenzio?"

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya kukosoa na kuvunja. Mayu alinikosoa na akaniachia mlango wa kurudi. Ningeweza kuitikia wimbo ule kama mtu mwingine yeyote, kosa langu nikabaki nalo moyoni, nikalitengeneza. Mimi yule binti sikumwachia mlango wowote. Nilikwenda kwa kaka yake kumwomba radhi. Alinipokea, akanipa maji, akanisamehe kwa mdomo. Lakini kikundini hakurudi, na leo kwenye keki hii ya miaka 10 hayupo. Nataka jambo hilo lijulikane.

Kutokana na wimbo ule tulibadilisha katiba yetu. Mnalijua sharti hilo, ingawa wageni hawajui lilitoka wapi: mwanachama akichelewa marejesho, watu wawili wamtembelee nyumbani kabla jina lake halijatajwa mkutanoni. Tangu sharti hilo liingie wapo waliochelewa, na wapo waliolipa kidogo kidogo kwa shida, lakini hakuna aliyekimbia kwa aibu. Sharti hilo lina mistari miwili kwenye katiba. Lilianza kama wimbo wa kibuyu.

Ndugu wanachama, sasa nafika kwenye ombi langu.

Siti binti Saad alifariki mwaka 1950. Tunamjua leo kwa sababu mbili. Ya kwanza, sauti yake iliwekwa kwenye santuri. Ya pili, Shaaban Robert alimfuata mama yule akiwa mzee, akasikiliza habari zake, akaandika wasifu wake. Bila santuri na bila kalamu, angebaki jina tu midomoni mwa wazee wa Ng'ambo, na wazee wale wameshakwisha. Na ipo sababu nyingine ambayo haikuandikwa popote: wapo waliomsikiliza wakiwa wadogo wakashika. Bi Kidude, yaani Fatma binti Baraka, alikuwa mmojawapo. Naye hakusomea muziki. Alimsikiliza Siti, akaimba, akawa pia mwalimu wa unyago wa kuwafunda wasichana, na aliendelea kuimba hadi uzeeni kabisa. Alifariki mwaka 2013. Kwa hiyo sauti ya binti wa mfinyanzi ilitembea miaka mingi baada ya mwenyewe kuzikwa.

Mayu wetu je? Nimehesabu nyimbo zake ninazozikumbuka. Upo wa hisa, upo wa kibuyu, upo wa mume anayekula mkopo wa mke wake, upo wa kupeleka mtoto wa kike shule kabla ya kuhesabu ng'ombe wa mahari, upo wa kuweka chakula ghalani kabla ya kuuza mtama wote. Kuna na nyingine mimi nimeshazisahau. Nimesahau! Nilikuwepo zilipotungwa. Na siku hizi Mayu akishikwa na kifua mkutano unafunguliwa kimya kimya, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuongoza. Sisi sote ni waitikiaji. Tumeweka akiba ya fedha miaka 10 na hatukuweka akiba ya kitu kilichotulindia fedha hizo.

Naomba kikundi kiamue mambo matatu, na yaingie kwenye kumbukumbu za leo.

La kwanza, kabla ya mgao wa mwaka huu, nyimbo zote za Mayu zirekodiwe kwa simu, kwa Kisukuma chake mwenyewe, na zihifadhiwe kwa watu watatu tofauti kama tunavyofanya kwa funguo. Na aombwe ruhusa kwanza. Nyimbo ni mali yake.

La pili, kila mwanachama mwenye umri chini ya miaka 35 ajifunze kuongoza wimbo mmoja, na awe anauongoza mkutanoni kwa zamu. Asiogope kukosea. Siti alianza kwa kuuza vyungu.

La tatu, Mayu apewe posho kutoka mfuko wa jamii kila anapofundisha. Tunamlipa fundi wa baiskeli, tunamlipa anayetushonea sare. Mtu anayetufundisha kuishi pamoja tumekuwa tukimlipa kwa makofi. Najua atakataa. Tumlipe hivyo hivyo.

Ndugu Mgeni Rasmi, mkoa wetu wa Simiyu ni mchanga, ulianzishwa mwaka 2012, na kabla ya hapo tulikuwa Shinyanga. Tunajulikana kwa pamba na kwa ng'ombe. Ni sifa nzuri. Lakini naomba mtakapokwenda kueleza habari za Bariadi, mseme pia kuwa kuna akina mama wanaoimba hesabu zao, na hazipotei.

Nimemaliza. Naomba sasa tusimame, sote, na wageni pia. Wimbo wa hisa. Mayu, usiinuke, kaa hapo hapo ulipo. Leo namba saba, yule binti mdogo kuliko wote kwenye kikundi, ndiye atakayeongoza. Amejifunza wiki nzima kwa siri. Wewe leo utaitikia.